Kaka anasema Torati imeruhusu sherehe ya fedha za korosho. Hatari iko wapi basi?

BintiNewala

Bwana Yesu asifiwe, na ndugu Waislamu asalaam aleikum.

Fedha za mnada zimeanza kuingia, nasi tumeshakaa kikao cha kumtoa mwali, binti wa kaka yangu mkubwa. Bajeti imefika ng'ombe, mbuzi watano, spika za kukodi kutoka Masasi na kreti za bia. Nilipouliza habari ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho msimu ujao, na sare za watoto Januari, kaka alifungua Kumbukumbu la Torati 14:26 mbele ya wazee: fedha itumie kwa chochote roho yako inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, kileo, ule ufurahi mbele za Bwana wewe na nyumba yako. Kikao kikapiga makofi.

Aya ipo kweli, ila moyo wangu umekataa. Mwaka jana kulikuwa na shughuli kama hii mtaani kwetu. Jirani mmoja mjane alishinda jikoni toka alfajiri, akachambua mchele, akageuza masufuria ya pilau huku moshi unamtoa machozi. Jioni wageni wa magari wakapakuliwa minofu. Yeye aliondoka na ukoko kwenye bakuli, ameufunika kwa pindo la khanga. Wenye shughuli walikuwa wanacheza, hawakumwona akitoka.

Wenye kulijua Agano la Kale, nimjibu nini kaka?

MzeeNdanda

Binti yangu, kaka yako amesoma sawa, ila amefunga kitabu mapema. Mstari wa 27 unamtaja Mlawi, mtu wa kabila la wahudumu wa ibada, asiye na urithi: usimwache. Wa 28 na 29 unasema kila mwaka wa tatu zaka ibaki mjini, wale mgeni, yatima na mjane, washibe. Tena fedha anayoitaja ni ya zaka. Ni ya mtu anayekaa mbali na mahali pa ibada, anayeuza zaka yake kwanza ili asafiri na fedha mkononi. Torati haijasema mavuno yote yageuzwe nyama.

Hatari yenyewe isome sura ya 8. Musa anawaambia watu waliokula mana jangwani miaka 40: mtakula na kushiba, mjenge nyumba nzuri, fedha iongezeke, hapo moyo utainuka mmsahau Bwana, mseme nguvu zangu ndizo zilizonipatia utajiri huu. Ndiyo maana amri ya 8:10 ni kumshukuru Mungu *baada* ya kushiba, na Wayahudi hadi leo husoma sala ndefu ya shukrani wakishamaliza kula. Sisi tunaomba sahani ikiwa imejaa. Ikiisha tunanawa na kuondoka. Mwenye njaa anamkumbuka Mungu bila kufundishwa. Aliyeshiba ndiye wa kulindwa.

Na huyo mjane wako yumo kwenye Maandiko. Amosi sura ya 6 anaeleza watu wamelala kwenye vitanda vya pembe za ndovu, wanakula wana-kondoo, wanakunywa divai kwa mabakuli, vinanda vinalia. Kisha shtaka: hawaugui kwa maangamizi ya Yusufu, yaani ya watu wao wenyewe wa Israeli. Ezekieli 16:49 akiutaja uovu wa Sodoma anaanza na kiburi, shibe na starehe, na kwamba hakumshika mkono maskini. Karne ya 12 mwanachuoni wa Kiyahudi Maimonides aliandika kuwa anayefunga milango ya ua wake sikukuu, akala na mkewe na watoto bila kumlisha maskini, hiyo si furaha ya amri ya Mungu, ni furaha ya tumbo lake. Mimi nikikumbuka maneno hayo huwa siwezi kukaa tu na sahani yangu kwenye shughuli, nachungulia jikoni.

MvuviKilwa

Waalaikum salaam dada. Hata sisi tunasoma Al-Baqara, mana na salwa (ndege kama kware), jinsi Wana wa Israeli walivyodai matango, adesi na vitunguu. Njaa hawakuwa nayo. Mimi naona kila mwaka: mtu kachinja ng'ombe msimu wa fedha, ikifika Februari familia inachimba ming'oko, mizizi ya porini, na korosho zinazofuata zinaondoka kwa kangomba, yaani kuuziwa walanguzi kwa bei ya chini, bakuli kwa bakuli, kabla mnada haujafunguliwa.

Kijana_Tandahimba

Msiwanyime watu furaha. Nehemia 8:10, kuleni kilichonona, mnywe kilicho kitamu.

MzeeNdanda

Ni kweli, mwanangu, na huzuni siku ile ilikatazwa. Lakini mstari huohuo unaendelea: mpelekeeni sehemu yeye asiyeandaliwa kitu. Mwali atolewe na ngoma ilie. Ayubu naye hakuwakataza wanawe karamu zao. Zikiisha, aliamka asubuhi na mapema akatoa sadaka kwa ajili ya kila mmoja, akihofu labda wamemkufuru Mungu mioyoni.

BintiNewala

Asante sana mzee, asanteni wote. Kikao ni Jumamosi. Nitaomba fedha ya salfa itolewe kabla ya kugusa bajeti, na wanawake wa jikoni wapakuliwe nyama kabla ya wageni. Bia najua kaka hatakubali kupunguza, hilo nitaliacha. Baba mdogo ndiye anayemsikiliza, kwa hiyo leo jioni nampitia nyumbani nimsomee 14:27 hadi 29.