Tawi halijafungwa, ila limebaki dirisha moja: chama chetu cha korosho kifanye nini?

MhasibuKusini

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika katika wilaya moja ya mkoa wa Mtwara, na ninaomba ushauri wa wale wanaoyafahamu mambo ya benki kuliko mimi. Wanachama wetu ni wakulima wa korosho. Kwa kuwa korosho huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hukabidhi zao ghalani, akapewa stakabadhi na kusubiri mnada, fedha za mkulima huingia katika akaunti yake ya benki, na kwa miaka mingi wengi wetu tumekuwa wateja wa benki moja kubwa yenye tawi hapa makao makuu ya wilaya.

Tawi hilo lilikuwa na madirisha manne. Mwaka juzi yalibaki mawili, na tangu Machi mwaka huu linafanya kazi moja tu. Mashine za kutolea fedha nazo zilikuwa mbili. Moja imefunikwa turubai, ya pili hujazwa Jumatatu asubuhi na kufikia adhuhuri haina kitu. Mlinzi wa mlangoni siku hizi ndiye anayetuuliza tunataka kutoa kiasi gani, na ukitaja kiasi kidogo anakuelekeza kwa wakala wa benki. Wakala naye siku za malipo huishiwa taslimu kabla ya saa nne, na wapo wanaodai "ya soda" ndipo wakuhudumie.

Lililonifanya niandike ni la mzee mmoja wa chama chetu asiyejua kusoma, ambaye miaka yote alitoa fedha zake dirishani kwa dole gumba, karani akimtazama yeye na picha yake. Aliambiwa achukue kadi, akaichukua, na kwa kuwa hawezi kuitumia, namba ya siri akampa mjukuu wake. Msimu uliopita alikuta malipo yake yamepungua kwa shilingi 640,000. Alipokwenda tawini alijibiwa kwamba namba ya siri aliitoa mwenyewe, kwa hiyo benki haihusiki. Huenda jibu hilo ni sahihi kwa mujibu wa masharti aliyowekea dole gumba bila kuyasoma, lakini mzee huyu hakuomba kadi.

Je, tuwahamishe wanachama wote kwenda benki nyingine, ambayo tawi lake liko mji jirani na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 12,000, au tubaki na kulalamika? Na kama ni kulalamika, tulalamike wapi, maana meneja tumekwisha kumwona mara tatu?

Kitochi

Mkuu, huduma za benki kwa simu hazihitaji simu kubwa. Hata kitochi kinafanya kazi, na mkulima anaweza kutuma fedha bila kufika mjini. Wafundisheni wanachama.

MhasibuKusini

Ahsante, ndugu Kitochi, na vijana wetu tayari wanaitumia. Hata hivyo, mwezi wa Juni na Julai mkulima anapulizia mikorosho dawa ya salfa na kulipa vibarua wa palizi, na kibarua anataka noti mkononi jioni hiyo hiyo. Ukimtumia kwa simu, naye atakwenda kwa wakala yule yule asiye na taslimu, na makato atakudai wewe.

Dirisha_la_Tatu

Nilikuwa karani wa fedha kwa miaka tisa, si lazima katika benki yenu, kwa hiyo niruhusuni nieleze jinsi mambo haya yanavyopangwa. Meneja mliyemwona mara tatu hana uwezo wa kuongeza hata karani mmoja. Idadi ya makarani hupangwa makao makuu kwa kuangalia miamala ya dirishani ya mwaka mzima, na hapo ndipo wilaya za mazao zinapoumia: tawi lenu hulala kwa miezi mingi, likaamka Oktoba minada inapoanza, na wastani wa mwaka ukichukuliwa unaonyesha kwamba dirisha moja linatosha na kubaki. Kila anayefukuzwa mlangoni kwenda kwa wakala hupunguza hesabu hiyo, na mwaka unaofuata takwimu zinathibitisha kwamba watu hawalihitaji dirisha. Mlinzi wenu, bila kujua, ndiye anayeliua tawi.

Suala la mashine lina sababu nyingine. Fedha zinazoruhusiwa kulala tawini zina ukomo unaofungamana na bima, na kuzisafirisha kunahitaji gari na askari wenye silaha, kwa hiyo tawi la mbali huletewa mara chache.

Ushauri wangu ni kwamba msiombe madirisha manne ya mwaka mzima, kwa sababu ombi hilo litakataliwa kabla halijasomwa. Ombeni makarani wa msimu, kuanzia Oktoba hadi Januari, na ratiba inayotenga siku ya kila chama ili fedha ziletwe kulingana na orodha ya malipo mnayoipeleka. Ombi lenye tarehe na kiasi meneja anaweza kulipeleka juu. Na liandikwe na chama, tena mkijiunga na vyama jirani, kwa maana akaunti moja ya mkulima haimshtui mtu, lakini akaunti za vyama vitano ndizo amana ambazo tawi hilo huzitegemea kutimiza malengo yake.

Wakili_Mdogo

Naongeza upande wa taratibu. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zilitolewa mwaka 2019. Lalamiko lianze katika benki yenyewe, kwa maandishi, nanyi mdai namba ya kumbukumbu. Msiporidhika ndipo mwende Benki Kuu, na bahati nzuri ina tawi Mtwara mjini, kwa hiyo hamlazimiki kwenda Dar es Salaam wala Dodoma. Kuhusu "ya soda", wakala haruhusiwi kumtoza mteja chochote nje ya makato ya benki. Andikeni tarehe, jina la kibanda na kiasi kilichodaiwa. Malalamiko yasiyo na tarehe hayafiki mbali.

Niseme ukweli pia kwamba dirisha moja si kosa la kisheria. Kufunga tawi kunahitaji idhini ya Benki Kuu, lakini kulikondesha hakuhitaji.

Mama_Mkorosho

Sisi katika kata yetu tulichoka, tukaimarisha SACCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha akiba na mikopo. Inafunguliwa hata Jumamosi, na karani anamjua kila mzee kwa jina na kwa ukoo wake, hivyo mjukuu hawezi kujitokeza na kadi ya babu. Fikirieni hilo.

Dirisha_la_Tatu

Mama, nakuunga mkono kwa fedha za matumizi. Kwa akiba kubwa ningesita kidogo, kwa sababu aliyeweka fedha benki analindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000, ilhali SACCOS haimo katika kinga hiyo. Angalieni angalau leseni yake kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

MhasibuKusini

Nawashukuru nyote. Nilikuja nikiwa na hasira ya kuhama, na sasa naona tukihama mzee wangu atapanda gari kwa shilingi 12,000 kwenda kukuta mlinzi mwingine. Bodi yetu itakaa Jumamosi. Nitapeleka ombi la makarani wa msimu na ratiba ya malipo, na nitaongeza kwamba wasiojua kusoma warudishiwe huduma ya dirishani bila kulazimishwa kadi. Kadi ya mzee tutaomba ifungwe wiki hii. Ndugu Dirisha, barua niielekeze kwa meneja au moja kwa moja makao makuu?

Dirisha_la_Tatu

Kwa meneja, nakala makao makuu. Na usiondoke tawini kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, hata kama foleni ni ndefu.