HafenCity ya Hamburg, mtaa wa nani?

mdau_ramani: Wakuu, mlioko Ujerumani, HafenCity ikoje kiuhalisia? Naambiwa ilikuwa bandari iliyochoka, hekta 157 katikati ya mji, leo vioo vitupu. Swali langu sio majengo, ni nani anakaa mle, na mji ulipata wapi ubavu wa kuwazuia wenye pesa wasijigawie.

mtu_wa_elbe: Ubavu ulitoka kwenye ardhi mkuu. Makontena yalivyoshika kasi kazi ikahamia ng'ambo ya mto, huku yakabaki mabanda, mji ukawa unajikusanyia viwanja kimyakimya kabla hata mpango haujatangazwa 1997, wangepiga kelele mapema bei ingepaa. Halafu kwenye viwanja vya nyumba za kuishi hawaangalii nani ana dau kubwa, wazo lako la ujenzi lina uzito asilimia 70, bei 30. Ukishinda unashikiwa kiwanja kwanza, uchore, upate kibali, ndo unalipa. Ukizubaa kinarudi.

kibanda_umiza: Umepamba sana kaka. Magharibi walikoanzia kujenga ni kwa wenye nazo, habari ya theluthi ya nyumba za ruzuku imekuja baadae huko Baakenhafen, kipande cha mashariki cha HafenCity. Na Elbphilharmonie je? Ukumbi wa muziki juu ya ghala la zamani la kakao, mji uliambiwa utatoa euro milioni 77, unafunguliwa 2017 zimeshatoka 789!! Hizo ni nyumba ngapi za walalahoi?

mdau_ramani: Duh. Baakenhafen si ndo pale askari wa Kijerumani walikuwa wanapandia meli kwenda kuwaua Waherero wa Namibia 1904?

kibanda_umiza: Hapohapo.

fundi_zege: Mnasahau maji. Eneo lote liko nje ya ukuta mkuu wa mafuriko, wangejenga ukuta mpya kuzunguka ingekula hela na muda, so wakainua viwanja vyenyewe mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, paking zikaingia humo chini. Kingo za zamani wameziacha chini vilevile, maji yakijaa zinazama na watu wanapita barabara za juu. Kwa hiyo wamejenga kipande kwa kipande bila kusubiri ukuta uishe.

mdau_ramani: Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, hilo la kushika ardhi kwanza ndo tungeenda kujifunza, sio kupiga picha na meya.

mtu_wa_elbe: Na nauli ya kwenda huko tunalipa sisi 😂