Ushauri: tuingie madarakani na Labour, au tuwaunge mkono tukiwa nje?

Mgeni_Kaskazini: Wanajamvi, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi kaskazini mwa Uingereza. Kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunaruhusiwa kupiga kura, nilijiunga na tawi la chama cha Liberal Democrats. Uchaguzi wa mwezi huu umeiacha halmashauri yetu bila chama chenye wingi: Labour wamepungukiwa viti vitatu, nasi tunavyo saba. Wametuletea rasimu ya kurasa mbili, na Alhamisi tawi litaamua kama tushike nyadhifa pamoja nao au tubaki nje na kuwapitishia bajeti tu. Naogopa tusije tukamezwa. Mnanishauri nini?

Bahari_Kuu: Ndugu, kukaa nje si kinga. Machi 1977 David Steel, kiongozi wa chama cha Liberal kilichotangulia Liberal Democrats, akiwa na wabunge 13, aliiokoa serikali ya Labour ya James Callaghan katika kura ya kutokuwa na imani, 322 kwa 298, bila kudai hata uwaziri mmoja. Alichopewa ni kamati ya mashauriano, na kuhusu mfumo wa uwiano (viti kugawanywa kulingana na kura) katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya aliahidiwa kwamba kila mbunge atapiga kura apendavyo. Ilipofika Desemba, Bunge likaukataa, zaidi ya wabunge mia moja wa Labour wakiwa miongoni mwa waliopinga. Lawama za serikali Liberal walizibeba, matunda hawakuyaona, na mwaka 1979 walirudi bungeni wakiwa 11.

Wakili_Glasgow: Naongezea ya huku Scotland, ambako Labour na Liberal Democrats walitawala pamoja kuanzia 1999 hadi 2007, Jim Wallace wa Liberal Democrats akianza kama naibu wa Donald Dewar wa Labour, kiongozi wa serikali ya Scotland. Baada ya uchaguzi wa 2003 Liberal Democrats walihakikisha mfumo wa uwiano kwa halmashauri unaandikwa ndani ya makubaliano, na sheria ikapita 2004, ingawa madiwani wengi wa Labour walijua fika kwamba itawanyang'anya ngome zao. Hebu tuambie, rasimu yenu inatumia vitenzi gani?

Mkosoaji: Msimfiche na upande wa pili. Mwaka 2010 Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, aliingia serikalini na Conservative akiwa na wabunge 57, akakubali ada ya vyuo ipande hadi pauni 9,000 ilhali wagombea wake walikuwa wametia saini ahadi ya kupinga ongezeko lolote. Mwaka 2015 walibaki wanane. Mshirika alikuwa mwingine, lakini mpiga kura hakuwasamehe.

Mgeni_Kaskazini: Ahsanteni sana. Nimeisoma upya rasimu: "itajitahidi" limetokea mara sita, na "itatekeleza" mara moja tu, katika kifungu kinachotutaka sisi tuunge mkono bajeti, ambayo kisheria kodi yake lazima ipangwe kabla ya tarehe 11 Machi.

Wakili_Glasgow: Basi hapo ndipo mlipo na nguvu. Alhamisi msipige kura ya ndiyo wala hapana. Irudisheni rasimu, mwombe hayo "itajitahidi" sita yabadilishwe yawe "itatekeleza", kila moja na tarehe yake kabla ya Machi.

Mgeni_Kaskazini: Nitaleta hoja hiyo. Ila mwenyekiti wetu anautaka sana unaibu kiongozi, kwa hiyo sitarajii usiku mwepesi.