GPS niliyoiunda inatuonyesha porini tukiwa Luano: msaada, wakubwa

Fundi wa Kamalondo
Wakubwa, hodi. Mjomba wangu anarusha Cessna, ndege ndogo, toka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi Kolwezi na Kamina. Tableti yake inajizima kwa joto, ndiyo maana kaniomba nimuundie GPS ndogo ya pembeni. Nimetumia moduli ya GPS ya NEO-6M na ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja. Satelaiti inashika haraka, lakini tukisimama palepale uwanjani skrini inasema tuko mbali huko kaskazini-magharibi. Nimebadilisha antena, wapi! Na je, mwinuko unaoonyeshwa na kifaa, mjomba anaweza kuufuata?

Mama Waya
Antena haina kosa, mdogo wangu. Moduli inakutumia latitudo 1135.48, nawe unaisoma kama digrii 11.3548. Sivyo: ni digrii 11 na dakika 35.48. Gawa dakika kwa 60, upate 11.5913. Hapo tu umeshapotea kilomita 26 hivi. Longitudo ni vilevile, ila digrii zake zina tarakimu tatu: 02731.85. Halafu herufi S (kusini) usiipuuze, weka alama ya kutoa. Ukiisahau, mjomba atajikuta Sudan, upande wa Muglad!

Kolwezi Boy
Nunueni GPS ya Garmin ya mtumba, muache michezo na roho za watu.

Papa Rubani
Wewe Kolwezi Boy, kama ni ya kuchungulia tu hali ya hewa ikiwa safi, sioni ubaya. Ila mwinuko, hapana kabisa. Ndege angani zinafuata altimita ya presha, iliyowekwa kwa QNH ya mnara (presha ya hewa ya eneo, ikipimwa usawa wa bahari), au zikiwa juu zaidi, kwa presha ya kawaida ya 1013. Wewe ukifuata ya GPS peke yako, mtakutana na mwenzako mahali ambapo kila mmoja anajiona yuko salama. Na mwambie mjomba, mwelekeo unaotoka kwenye moduli unahesabiwa toka kaskazini halisi. Dira yake inafuata sumaku.
Ndani ya mawingu, kifaa hicho kikae mfukoni. Satelaiti 4 zinatosha kukupa mahali ulipo, lakini ili kugundua kwamba mojawapo inadanganya zinatakiwa 5, na ukaguzi huo vifaa vilivyoidhinishwa vinaufanya vyenyewe. Chako kitadanganywa kimya kimya.

Mama Waya
Niongeze: kipe betri yake. Ukigusa waya za ndege, hilo tayari ni suala la AAC, mamlaka ya usafiri wa anga. Zima Wi-Fi ya ESP32, kisha mkiwa chini washeni redio mpite masafa ya 118 hadi 137 MHz, msikilize kama kifaa kinaleta mikwaruzo. Na moduli iambie kwa amri kwamba iko angani, maana yenyewe inaanza na mpangilio wa vifaa vya mkononi. Programu iitume amri hiyo kila inapowaka, kwani umeme ukikatika inaweza kusahau.

Fundi wa Kamalondo
Aksanti sana, mama, aksanti papa. Nimegawa kwa 60, nukta imetua juu ya njia ya kurukia. Sehemu ya mwinuko nimeifuta kwenye skrini kabisa, asije akashawishika. Redio tunaijaribu Jumamosi.