Kifaa kimeandika 127, Jumatatu natakiwa kujieleza. Nijibu nini?

Dereva_Kampemba
Bandugu, salamu kutoka Lubumbashi. Naomba ushauri wa haraka, matusi wekeni pembeni, maana usingizi umenikimbia tangu juzi.

Mimi ni shofa wa kampuni ndogo inayopeleka vipuri kwenye machimbo. Motoka ni Hilux, volan (usukani) kuume, ilitoka Japani kupitia Dar kama nyingi za hapa kwetu. Mwaka huu walizifunga zote GPS. Sheria ya kampuni: nje ya mji usizidi 80. Alhamisi usiku, kutoka Likasi kurudi hapa, kifaa kikaandika 127. Jana nimepewa barua ya kuomba maelezo, nijibu kwa maandishi kabla ya Jumatatu asubuhi.

Miaka tisa kazini sijakwaruza hata bampa. Rulaji, polisi wa barabarani, wa njia ile wananijua kwa jina. Swali langu ni moja tu: nikiandika kwamba kifaa kimekosea, watakubali?

KijanaWaKenya
Kwanza heshima yako. Mimi Hilux yangu ikifika 100 milango inaanza kusali.

Pili, shida ya GPS ni kwamba haina tumbo. Rulaji ni ulaji: unashusha kioo, unasema "mukubwa, chukua ya maji", safari inaendelea. Hicho kifaa utakipa nini, Fanta?

(Kwa wasomaji wa nje: ninasema Kenya, komini yetu ya Lubumbashi. Kila mara mtu ananiuliza habari za Nairobi.)

Tunduma_Express
Mkuu pole. Mimi ni dereva wa semi, naleta mzigo Kasumbalesa kutoka Dar, kwa hiyo mwendokasi umenila sana. Kwetu Tanzania kuna tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Unaingia kijijini, kibao cha 50 kimejificha nyuma ya mgomba, trafiki yuko chini ya mwembe na tochi yake. Ukipita na 54 tu, faini elfu thelathini, na risiti unapewa. Tunaishi kwa kupigiana taa: ukiona mwenzako anakuwashia mara mbili, mguu juu. Mikumi ndiyo usiseme, pale barabara inakatiza mbuga ya wanyama, ukimgonga twiga unalipishwa kwa dola, na si dola za mchezo.

Nikivuka Zambia bado nipo kushoto, nikifika kwenu nahamia kulia. Wiki ya kwanza kila roundabout naingia na dua.

MamaWaRuashi
Tunduma, mtu ameuliza ya Likasi, wewe umefika Mikumi kwa twiga.

Leki, mdogo wangu, miye nilizika kaka yangu juu ya njia hiyo hiyo ya Likasi. Lori lilisimama bila taa, wameweka majani tu barabarani kama alama. Yeye pia alikuwa shofa muzuri, yeye pia rulaji walimujua kwa jina. Usitafute namna ya kudanganya karatasi. Shukuru uko muzima wa kuijibu.

Dereva_Kampemba
Mama pole sana kwa kaka. Lakini mimi sikugonga lori. Naomba turudi kwenye swali.

Makanika_BelAir
Swali nitalijibu mimi, maana hivyo vifaa ndivyo vinanilisha. Nimevifunga kwenye motoka nyingi za hapa na za Kolwezi.

GPS haisomi gurudumu wala dashibodi. Inapata mwendo kutoka kwenye setilaiti. Kukosea inaweza, hasa ukiwa chini ya bati au katikati ya majengo marefu, lakini kosa lake lina sura yake: nukta moja inaruka. Kabla yake 78, baada yake 79, katikati 127 peke yake kama mgeni asiyealikwa. Hapo unaandika "kifaa kimekosea" na mimi nitakusaidia maneno. Sasa angalia karatasi uliyopewa. 127 ni nukta moja au ni mstari? Na chini yake kuna kitu kingine kimeandikwa?

Dereva_Kampemba
Kuna mstari. Zaidi ya 110 kwa dakika kumi na moja.

Makanika_BelAir
Basi kifaa hakijakosea, ndugu yangu. Dakika kumi na moja kwa mwendo huo ni kilomita zaidi ya ishirini. Setilaiti haioti ndoto ndefu namna hiyo. Na swali la pili hujalijibu.

Mwalimu_Likasi
Niongeze hesabu, wanafunzi wangu wa hapa Likasi wanaichukia lakini inasaidia. Kwa 127 unakula mita 35 kila sekunde. Taa za chini usiku zinakuonyesha mita hamsini, tuseme sitini kama kioo ni safi. Sekunde moja ya kushtuka tu, mguu haujagusa freni, 35 zimekwisha. Kwa 80 zingekuwa 22. Na nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa mwendo: 127 ukiilinganisha na 80, ni mara mbili na nusu. Kwa hiyo hao wa ofisini hawakuchagua 80 kwa roho mbaya.

KijanaWaKenya
Mwalimu, Jumamosi hii. Tuonee huruma.

MamaWaRuashi
Miye niko na swali ya kimama. Miaka tisa hujakwaruza bampa, halafu usiku mumoja dakika kumi na moja unaruka kama mwendawazimu? Nani alikuwa kwenye volan?

Dereva_Kampemba
Sikutaka kuingiza majina hapa.

Haya. Sikuwa mimi. Ni mtoto wa dada ya shefu wa garaji yetu, alipanda Likasi kuja mjini. Ana permi (leseni) lakini ya juzi juzi. Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri, nimepakua mzigo kwa mikono yangu, macho yamejaa mchanga. Akasema "papa, pumzika, nakusaidia mpaka peaje", pale pa kulipia njia. Nikampa. Nikakaa kushoto, nikalala.

Shefu anajua. Ameniambia niandike kifaa kimekosea, na ofisi ikikataa, nikubali ni mimi, yeye atanitetea. Kijana akitajwa, shefu naye anaondoka, maana ni yeye aliyemtuma apande. Na mimi sioni ubaya wake. Shefu ndiye aliyeniingiza kazini. Barua nimeshaanza kuiandika, imebaki sahihi tu.

Makanika_BelAir
Amekupa kitu?

Dereva_Kampemba
Hiyo si hoja.

Makanika_BelAir
Ni hoja yote.

Dereva_Kampemba
Dola 150. Na kabla hamjanirukia: siku ile ile nimelipa minervale (karo) ya watoto wawili, walikuwa wamerudishwa nyumbani. Pesa haipo tena, siwezi kuirudisha. Nyinyi mnaongea kama watu ambao watoto wao hawajawahi kurudishwa shuleni na mfuko mgongoni saa mbili asubuhi. Halafu hakuna aliyekufa. Kijana anaendesha vizuri, ukweli usemwe, kwa 120 motoka ilitulia kama iko nyumbani, malori matatu tumeyapita bila kuyumba.

Tunduma_Express
Mkuu kwenye minervale niko upande wako. Wangu wa pili anadaiwa muhula mzima.

KijanaWaKenya
Ngoja ngoja. Alisema alilala. Mtu aliyelala anajuaje motoka ilitulia? Aliyahesabu malori matatu kwa ndoto?

Bandugu, tumepigwa. Hii ni hadithi. Kuna mtu amekaa pale Katuba na chai yake anatucheka. Kesho atarudi na jina jingine, mke wa shefu.

Mwalimu_Likasi
Au anayeandika ndiye huyo kijana mwenyewe. Someni tena anavyomsifu. Shofa wa miaka tisa hawezi kumsifu mtoto wa permi ya juzi.

KijanaWaKenya
EEEH. Mwalimu leo umefundisha.

MamaWaRuashi
Nilimupa kaka yangu marehemu humu, kumbe nalia na mutu wa kutunga.

Shofa_Mzee
Mimi husoma tu, siandiki. Lakini nimeendesha njia ile tangu ikiwa vumbi, na hapa kuna kitu mnakipita.

Hakutunga. Mtunzi hawezi kukumbuka kutaja volan kuume kwenye salamu za kwanza. Ila sisi wa hapa tunajua maana yake. Tunaendesha mkono wa kulia wa barabara. Ukiwa na volan kuume nyuma ya lori, huoni kinachokuja. Unaona matako ya lori tu. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Yeye ndiye anayetoa kichwa na kusema "njoo", au "bado, bado". Kila shofa wa Hilux ya Japani ana mtu wake wa kushoto, na asipokuwa naye anabaki nyuma ya lori mpaka peaje na moshi wake.

Malori matatu, usiku, zaidi ya 110, dereva mtoto. Leki, nani alikuwa anasema "njoo"?

KijanaWaKenya
…

Makanika_BelAir
Mzee, heshima.

Tunduma_Express
Wabongo tukija huku na gari zetu ni hivyo hivyo. Turnboy, msaidizi wa dereva, kazi yake nusu ni hiyo.

Dereva_Kampemba
Nimekaa saa nzima naangalia hilo swali.

Sikulala. Nilikuwa namwambia njoo. Lori la kwanza nilimwambia taratibu, la pili akaenda vizuri, nikamwambia bonyeza, tufike kabla duka la jirani halijafungwa, nilikuwa na deni la unga pale. Lori la tatu nikasema njoo, mbele kulikuwa kweupe, hakuna taa hata moja. Baiskeli haina taa.

Ni mtu wa makala (makaa), yule wa magunia matatu, anayesukuma kwa mguu tangu porini. Yuko kando yake kabisa, sisi ndio tulikuwa upande wake. Kijana alifunga freni mpaka nikagonga dashibodi. Hatukumgusa. Yeye ndiye aliruka mtaroni na baiskeli ikaanguka. Makanika, mstari wa pili wa karatasi ni huo. Freni kali, 20:14, na saa ile ile motoka imesimama dakika tisa. Barua inauliza tulisimama kwa nini.

Dakika tisa tulikuwa tunamsaidia. Magunia mawili yalikuwa mazima. La tatu lilipasuka, makala yakatapakaa barabarani, tukayasukuma kando kwa miguu. Hakutukana. Alikuwa anatafuta kandambili yake moja kwa tochi ya simu, hakuipata. Nikampa elfu ishirini.

Mwalimu_Likasi
Samahani kwa nilichosema juu.

Makanika_BelAir
Sasa hiyo barua ya shefu ichane. Wana saa, wana mahali, na kijana akibanwa dakika tano atasema yote, na aliyekaa kushoto ni wewe. Andika ulichoandika hapa, ukianzia kwenye "sikulala".

Dereva_Kampemba
Na minervale?

MamaWaRuashi
Elfu ishirini? Kwa gunia nzima? Wewe unanunuaka makala wapi?