Picha za zamani za Stardust, Las Vegas: nizihifadhi vipi?

Swali: Ndugu zangu, nimerithi albamu ya picha zilizopigwa katika hoteli ya kasino ya Stardust, iliyofunguliwa mwaka 1958 na kubomolewa kwa baruti mwaka 2007. Nyingi hazina maelezo, na baadhi zimegandamana na kurasa. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza: Usizibandue kwa nguvu. Zipige skani zikiwa humo humo, kisha zile zilizo huru uziandike nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino huvujia upande wa pili.

Jibu la pili: Naafiki, ingawa kwangu picha isiyo na masimulizi ni nusu ya kazi. Wahoji waliofanya kazi pale huku wakiishika picha mkononi, maana mhudumu akiiona sare yake ya zamani hukumbuka hata mlango wa nyuma aliokuwa akiingilia. Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, hukusanya masimulizi ya namna hiyo, na bango la Stardust limehifadhiwa Neon Museum, jumba la makumbusho la mabango ya taa huko huko Las Vegas.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Picha moja inaonyesha kibiriti chenye nembo ya hoteli kando ya kisahani cha majivu. Nitaanza na hiyo.