Tupeane uzoefu: zamu ya wiki nzima shule ya msingi, hasa sisi wa Dodoma

Mleta mada
Walimu wenzangu, habari za kazi. Anayepangwa zamu, yaani kusimamia shughuli za shule kwa wiki nzima, mara ya kwanza hukabidhiwa kitabu cha zamu, mengine ajijue. Tuweke hapa kazi inavyokwenda. Naanza na kengele, maana ndiyo inayovuruga siku. Darasa la kwanza na la pili kipindi ni dakika 30, la tatu kwenda juu dakika 40. Mkianza saa 2:00, vipindi vinakuja kumalizika pamoja saa 4:00: wadogo wamemaliza vinne, wakubwa vitatu. Mkigonga rimu ya gari, ndiyo kengele yetu, moja kwa wote, la kwanza wanamwagika nje saa 2:40 vijiti vya kuhesabia vikiwa bado mezani. Rimu iwe ya wakubwa, wadogo wapulizieni filimbi mlangoni.

Mwalimu, Bahi
Kabla ya kengele kuna usafi. Miezi ya upepo, Julai na Agosti, ukifagia pakavu vumbi linapanda na kurudi kwenye madawati. Ndoo ya lita 20 inatosha madarasa mawili ikinyunyizwa kwa mkono. Ikimwagwa, sakafu iliyochimbika inageuka tope na maji ya chooni yamekwisha. Vyoo kagua mwenyewe. Kiranja siku zote atasema "pasafi, mwalimu". Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20, kwa wavulana 25. Pasipofikia hapo foleni haiishi ndani ya mapumziko, kwa hiyo anayechelewa kurudi darasani muulize kwanza alikuwa wapi kabla ya kumwadhibu.

Mwalimu, Kongwa
Mahudhurio na chakula ni kazi moja. Idadi ya paredini si ya kuaminika, wa vitongoji vya mbali bado wako njiani. Chukua ya kipindi cha pili, kwa kila darasa, wavulana peke yao na wasichana peke yao, ndipo uipeleke jikoni.

Ugumu uko kwenye makande. Mahindi yasiyokobolewa yanalowekwa usiku, idadi inapatikana asubuhi. Basi loweka kwa mahudhurio ya jana, maharage ndiyo upime kwa idadi ya leo. Mkipanga gramu 120 za mahindi kwa mtoto, watoto 400 ni kilo 48, yaani madebe mawili na nusu hivi. Kesho ikiwa siku ya mnada, punguza: wavulana wengi watakuwa nyuma ya ng'ombe. Kadhalika mvua za kwanza zikinyesha, wako shambani na wazazi. Moto uwashwe mapema. Sufuria inayobandikwa saa 4 haiwahi chakula cha saa 7, na vipindi vya mchana vinaliwa na foleni ya sahani.

Mwalimu, Mpwapwa
Mpishi asishike funguo za stoo. Kipimo kifanyike mbele ya mwalimu wa zamu, kopo lisawazishwe kwa kijiti. Kilima kidogo juu ya kila kopo, mwisho wa mwezi ni debe zima.

Mwalimu, Chamwino
Mmesahau kwamba zamu haikuondolei vipindi vyako. Maandalio ya somo yaandikwe Jumapili. Wiki hiyo toa mazoezi ya maswali matatu tu. Madaftari 90, hata kwa dakika moja moja, ni saa moja na nusu.

Kitabu cha zamu kijazwe kila siku kabla ya kuondoka, Mwalimu Mkuu asaini: idadi, wagonjwa, wageni na saa walizofika, kilichotoka stoo, vipindi visivyofundishwa na sababu. Kukijaza chote Ijumaa ndiko kunakoponza. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakikilinganisha na shajara ya darasa ambayo mwalimu husaini kila kipindi, kitabu kinasema vipindi vyote vilifundishwa, shajara ina nafasi mbili hazina saini, na anayeulizwa ni wewe.

Kukabidhi ni Ijumaa baada ya paredi ya mwisho: filimbi, funguo, ndoo, mafagio, vyote vihesabiwe mkiwa wawili. Ndoo iliyotoboka iandikwe imetoboka.